Sura ya Saba: Maganda ya Madaraka na Chumvi ya Chuma

Soko la Madaraka mjini Thika likifungwa jioni, chini hubaki vitu visivyo na mnunuzi: majani ya kabeji, maganda ya ndizi, mananasi yaliyopondeka safarini, avokado zilizoiva hadi zikapasuka. Wafugaji wa nguruwe na ng'ombe huja na magunia wakachagua kinachowafaa. Kinachosalia huoza papo hapo au hupakiwa kwenye lori na kupelekwa jaa la Kang'oki. Wanaoishi na harufu na moshi wa jaa hilo ni majirani zake, wakiwemo watu wa Kiandutu, mtaa mkubwa wa mabanda wa Thika.

Mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, lilikadiria kwamba nyumba za Kenya hutupa kilo 99 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka, jumla ya zaidi ya tani milioni 5 nchini kote. Huo ni wastani, na ndani yake mna hata yasiyolika: maganda, kokwa, mifupa. Mama wa Kiandutu anayepima maharagwe ya githeri kwa kikombe hana chakula cha kumwaga. Taka yake ni ganda.

Na ganda ndilo linalotuhusu hapa. Kwa muda wa miaka 20 hivi, wanakemia wa nchi nyingi wamekuwa wakichemsha maganda, wakachuja maji yake na kuyachanganya na chumvi ya madini ili wapate chembe ndogo mno za fedha, zinki au chuma. Niseme mapema ninachoamini, msomaji anipime kwacho njiani. Teknolojia hii haitalishusha jaa la Kang'oki hata kwa kimo cha goti. Lakini kwa mji wa viwanda wenye mito iliyoelemewa na chuo kikuu jirani, hii ni mojawapo ya kemia chache zinazoweza kuanzia kwenye vibanda vya Kiandutu na kuyafikia maji yanayopita karibu nao. Na madini ya kuanza nayo ni chuma, si fedha, ingawa karibu kila maabara huanza na fedha.

Kwanza udogo wenyewe. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe tunazozizungumzia zina nanomita 10, 20, labda 50. Faida yake iko kwenye uso. Chukua kipande cha fedha chenye sentimita 1 kwa urefu, upana na kimo. Kina uzito wa gramu 10 na nusu, na nyuso zake zote kwa pamoja ni sentimita 6 za mraba. Kikate, kisha ukate vipande vyake, hadi kila kimoja kiwe na nanomita 10 kila upande. Fedha ni ileile na gramu hazijaongezeka, lakini ukijumlisha nyuso zote unapata mita 600 za mraba. Ploti ya 50 kwa 100 ambayo kila dalali wa Thika na Ruiru anaitembeza kwa wateja haifiki hata mita 470. Bakteria hukutana na uso wa madini, na sumu iliyomo majini hushikwa na uso huo. Madini yaliyobaki ndani ya bonge hayafanyi kazi yoyote.

Sasa, chembe hupatikanaje bila kisu? Madini yaliyoyeyuka majini huwa ioni, yaani atomu zilizopungukiwa na elektroni. Zikirudishiwa elektroni zake, huacha kuelea moja moja zikaanza kushikana: atomu mbili, kumi, elfu. Hapo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa elektroni. Ya pili ni kuzisimamisha chembe zikiwa bado ndogo, kwa sababu zikiachwa zitaendelea kushikana hadi ziwe masimbi ya kawaida chini ya chupa. Kwa kazi ya kwanza maabara nyingi hutumia borohidridi ya sodiamu, kemikali kali inayotoa gesi ya hidrojeni ikigusa maji. Kwa kazi ya pili hutafutwa kemikali nyingine, nayo ina bei yake.

Ganda hufanya zote mbili. Ndani yake mna tanini, flavonoidi, sukari na asidi mbalimbali. Kadhaa kati ya molekuli hizo hutoa elektroni kwa wepesi. Ndizi iliyomenywa na kuachwa hewani hugeuka nyeusi kwa sababu ya fenoli zinazopoteza elektroni zake kwa oksijeni. Zikiisha kutoa, mabaki yake huizunguka chembe changa na kuivika, nayo ikabaki peke yake bila kuungana na jirani.

Mmea kuyarudishia madini elektroni zake si jambo geni Afrika Mashariki. Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa ziwa Viktoria, walikuwa wakifua chuma kwa mkaa na majani ya kinamasi yaliyounguzwa ndani ya shimo la tanuri. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliijenga upya tanuri ya aina hiyo mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi mafundi wa zamani wa eneo hilo walivyopata chuma cha pua karne nyingi kabla ya wageni kufika. Kaboni ya mmea iliunyang'anya udongo wa chuma oksijeni yake. Kwa lugha ya kemia, kinachotokea ndani ya chupa ya maji ya maganda ni tendo la ukoo huohuo, ila bila moto mkali, na kinasimamishwa mapema sana. Ningependa mwalimu wa kidato cha pili anayefundisha somo hili aanzie Buhaya.

Huko Ulaya, Michael Faraday alionyesha mwaka 1857 jijini London kwamba dhahabu iliyogawanywa kuwa chembe ndogo majini si ya manjano tena bali nyekundu kama akiki. Yeye alitumia fosforasi. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake waliipata kwa sitrati, chumvi ya asidi ileile inayolifanya limau liwe kali, na njia yake inafundishwa hadi leo. Kutoka hapo hadi kwenye mmea mzima ilikuwa hatua fupi, lakini ilichukua nusu karne. Mwaka 2003 watafiti wa Pune, India, waliripoti kutengeneza chembe za fedha kwa majani ya jeranio, na mwaka 2010 ikaja ripoti nyingine, pia kutoka Pune, juu ya maganda ya ndizi. Baada ya hapo karibu kila ganda sokoni limejaribiwa: embe, komamanga, chungwa, nanasi, avokado. Nairobi pia imo. Naumih Noah, mkemia wa Chuo Kikuu cha USIU-Africa, ameandika juu ya njia hizi za kijani za kutengeneza chembe za fedha na dhahabu.

Kazi ya maabara yenyewe ni ya kutazamika. Maganda huoshwa, hukatwakatwa, huchemshwa kwa dakika kadhaa na kuchujwa. Maji yake yenye rangi hafifu humiminwa ndani ya myeyusho wa nitrati ya fedha, ambao hauna rangi kabisa. Punde huanza umanjano, ukakolea, ukawa hudhurungi. Hakuna rangi iliyotiwa. Elektroni zilizo juu ya kila chembe hutikisika kwa pamoja mwanga ukizipiga, zikanyonya sehemu ya zambarau na buluu, na jicho likapokea kilichobaki. Badiliko hilo limewavuta wanafunzi wengi kwenye somo hili, na sioni ubaya wake, mradi wasidhani wamemaliza. Rangi inasema tu kwamba kuna chembe. Ukubwa, umbo na ganda lililozivika haviwezi kusomwa kwa macho.

Hapa ndipo ninapowaomba wapenzi wa teknolojia hii wachukue kalamu. Kipimo cha kawaida ni gramu 10 za maganda kwa mililita 100 za maji, kisha sehemu moja ya maji hayo kwa sehemu tisa za nitrati ya fedha yenye milimoli 1 kwa lita. Tani moja ya maganda, ambayo lori dogo linaibeba bila kulalamika, ingetoa lita 10,000 za maji ya maganda. Ili yote yatumike zingehitajika lita 90,000 za myeyusho wa fedha, yaani nitrati kilo 15, na ndani yake fedha safi karibu kilo 10. Tani moja tu. Jaa halingehisi kitu, lakini mwenye mradi angekuwa ameuza gari lake.

Kwa hiyo anayeliambia jopo la wafadhili kwamba nanoteknolojia itamaliza taka za chakula za Thika hajapiga hesabu. Maganda ni mengi kuliko kemia hii inavyoweza kuyatumia, na hata yanayotumika hayapungui sana: ukishachuja, sehemu kubwa ya uzito inabaki kwenye chujio ikisubiri mboji, mtambo wa biogesi au mabuu ya nzi weusi wanaolishwa taka ili wawe chakula cha kuku. Hayo ndiyo matumizi ya tani. Kemia hii inachohitaji ni kilo. Na neno kijani lisitufumbe macho: fedha ilichimbwa mahali fulani, ikayeyushwa kwa asidi ya nitriki, na hakuna ganda linaloifuta historia hiyo.

Chuma kina hesabu nyingine. Salfati ya chuma ni miongoni mwa chumvi za bei nafuu kabisa, na hutumika hata mashambani. Hupatikana kwa kukiyeyusha chuma ndani ya asidi ya salfuriki. Thika ina vyuma chakavu kila kona ya jua kali, na asidi hiyo hutengenezwa mjini humo humo na kiwanda cha KEL Chemicals. Nasema haya kuonyesha kwamba malighafi zote tatu, yaani ganda, chuma na asidi, ziko katika mji mmoja. Simwaliki mtu yeyote kuchanganya asidi nyuma ya nyumba. Hidrojeni inayotoka hulipuka, na asidi haichagui ngozi.

Mwaka 2009 George Hoag, Rajender Varma na wenzao nchini Marekani walichapisha kazi iliyokuja kunukuliwa mno: waliichanganya chumvi ya chuma na maji ya chai wakapata chembe nyeusi zilizosaidia kuvunjavunja rangi iliyoyeyushwa majini. Chai ina tanini, na ganda la ndizi mbichi linazo pia. Aliyewahi kuona maji yenye chuma yakiitia chai weusi ameuona mwanzo wa tendo hilo, na kwa karne nyingi wino wa vitabu vya Ulaya ulitengenezwa kwa tanini na salfati ya chuma hiyohiyo.

Kinachonipa imani na watafiti hawa ni kilichofuata. Mwaka 2014 kundi la Jamhuri ya Cheki, Varma mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi, lilizichunguza chembe za chai ya kijani kwa makini zaidi. Likakuta kwamba kwa sehemu kubwa si chuma kitupu kama ilivyodhaniwa, bali ni mchangamano wa chuma na fenoli za chai. Zaidi ya hayo, chembe hizo ziliwadhuru baadhi ya viumbe wadogo wa majini kuliko ilivyotarajiwa. Kitu kilichotoka kwenye birika la chai kikawa na sumu kwa mwani! Ripoti hiyo haikuua wazo. Iliwafundisha watu kupima kabla ya kutangaza, na yeyote atakayeanza kazi hii Juja au Thika anapaswa kuisoma kabla ya kuwasha jiko.

Kwa nini basi bado nasema chuma? Kwa sababu ya mto. Mto Chania huungana na mto Thika karibu na mji huo, na maji yake huelekea Tana. Thika ni mji wa viwanda vya nguo, vya vyakula na vya ngozi. Ngozi nyingi duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu. Kromiamu ya hali ya tatu, inayotumika kiwandani, haina madhara makubwa ikilinganishwa na ya hali ya sita, ambayo huweza kutokea mazingira yakiruhusu, nayo husababisha saratani na husafiri na maji bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 50 za kromiamu kwa lita ya maji ya kunywa. Chembe za chuma zina kazi wanayoijua wahandisi wa mazingira kwa miongo kadhaa: huipa kromiamu ya hali ya sita elektroni tatu, ikarudi hali ya tatu, ikajitenga na maji kama mashapo. Arseniki nayo hushikwa na kutu ya chuma. Chuma kikimaliza kazi huwa kutu, na udongo mwekundu wa Kiambu tayari umejaa oksidi za chuma. Fedha ikimaliza kazi huingia kwenye maji taka na inaweza kuwadhuru bakteria wanaotusaidia kuyasafisha.

Oksidi ya zinki ina nafasi yake ya pembeni. Maji ya maganda huchanganywa na asetati ya zinki, hukaushwa na kuchomwa kwa nyuzi 400 hivi, ikabaki poda nyeupe. Poda hiyo ikipigwa na jua huzivunja rangi za viwanda vya nguo. Ila huamshwa na miale ya urujuanimno tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya mwanga wa jua, hivyo majaribio mengi yanayopendeza chini ya taa ya maabara hupoa yakitolewa nje. Hata hapa karibu na ikweta, jua halitoshi kwa maji machafu yanayopita kwa kasi.

Sijaidharau fedha. Kwa maji ya kunywa imethibitika kwa njia ya kawaida kabisa: mwaka 1981 Fernando Mazariegos alibuni nchini Guatemala chungu cha kuchujia maji kilichopakwa chembe za fedha, na vyungu vya aina hiyo vimesambaa katika nchi nyingi maskini. Kiasi kinachotumika ni kidogo, na Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 0.1 kwa lita pale fedha inapotumika kutunza maji. Jirani zetu wa Arusha nao wametuonyesha jinsi nanoteknolojia inavyoingia kijijini. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela, aliunganisha chujio la mchanga na vitu vya nano vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Hakuanza na chembe kisha akaitafutia kazi. Alianza na maji ya watu wake.

Mpangilio huo ndio ninaoutaka Kiandutu. Na kuna onyo ambalo siwezi kulipita: mtu akikuuzia chupa ya maji ya nano ya fedha ili unywe kwa ajili ya tumbo, mapafu au sukari, usinywe. Fedha hujikusanya mwilini na inaweza kuigeuza ngozi ikawa ya kijivu na buluu kwa maisha yote. Chembe hizi ni za kusafisha kitu, kisha zenyewe ziondolewe.

Kikwazo kikubwa cha kazi hii ni ganda lenyewe. Ganda la ndizi mbichi lina tanini nyingi kuliko la ndizi mbivu. Lililolala siku tatu limechachuka. Nanasi la msimu mmoja si la msimu mwingine, na mengine yana mabaki ya dawa za shambani. Chembe zinazotokana nayo hubadilika ukubwa kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, na mhandisi wa maji hawezi kufanya kazi na kitu kinachobadilika hivyo. Dawa yake ni kukusanya aina moja kutoka chanzo kinachojulikana siku hiyohiyo, kuyakausha, kuyasaga, kuchanganya unga mwingi kwa pamoja, na kupima fenoli zake kabla ya kila mpiko. Kukusanya, kutenga na kukausha ni kazi ya mikono na macho, nayo inawezwa vizuri kabisa na kikundi cha akina mama wenye vibanda, au vijana wanaoishi kwa kuokota plastiki Kang'oki. Sheria nayo iko upande wao: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu zinapotoka. Kwenye masoko na vichochoro bado vyote huingia gunia moja, na kaunti haina budi kulianza hilo Madaraka, ambako taka inayooza ni nyingi na imekusanyika mahali pamoja.

Juja ni mwendo mfupi kwa matatu. Pale kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani kikiwa chuo cha kilimo na teknolojia, na ndani ya uwanja wake kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, PAUSTI, inayoleta wanafunzi kutoka bara zima. Ubongo upo. Kilichozoeleka katika vyuo vingi ni mwanafunzi kununua ganda moja sokoni, kutengeneza chembe za fedha, kuziua bakteria kwenye sahani, kuandika tasnifu na kuhitimu. Sahani za aina hiyo zimetosha.

Kwako wewe unayesoma kemia Juja au Thika na bado hujachagua mada: chukua salfati ya chuma na unga wa maganda ya ndizi mbichi kutoka Kiandutu. Tumia maji ya mto, usitumie yaliyotoneshwa ya maabara. Pima kromiamu kabla na baada, pima chuma kilichobaki, na uyajaribu maji hayo kwa mwani na viroboto maji kabla ya kuyaita safi. Andika ganda lilitoka kibanda kipi na siku gani. Na umlipe aliyelileta, kwa bei mliyokubaliana kabla hajalibeba.